Usichague Wewe: Jinsi ya Kupata Kaya kwa Nasibu Katika Vijiji vya Kigoma

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya udadisi, nilishuka kwenye boti iliyotoka Kibirizi nikiwa na madodoso arobaini ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa heshima, akatuwekea viti chini ya mwembe, akasema, "Kaya mnazozitaka nimeshawaandalia." Akatoa karatasi yenye majina arobaini. Tulifurahi sana. Kesho yake saa nne asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Nyumba zote tulizoingia ziliezekwa kwa bati, nyingi zilikuwa kando ya njia inayopanda kutoka ufukweni, na wenyeji walijibu vizuri kabisa.

Tulipoanza kuingiza majibu kwenye kompyuta nikaona jambo lililonikosesha usingizi. Hakuna kaya hata moja iliyosema inakunywa maji ya ziwani. Nami alfajiri ile kabla ya kupanda boti ya kurudi nilikuwa nimewaona kinamama kwa macho yangu, ndoo kichwani, wakichota pale pale mitumbwi inapoegeshwa. Hao hawakuwemo kwenye karatasi ya mwenyekiti. Utafiti ulihusu maji, na wenye shida ya maji hatukuwagusa.

Mwenyekiti hakuwa na nia mbaya. Mgeni akija, unampeleka kwa watu watakaomkaribisha. Kosa lilikuwa la kwetu, kwa sababu tulimwachia mtu kazi ya kuchagua. Nimesimamia wadadisi miaka mingi tangu siku hiyo, mjini Ujiji, milimani Buhigwe, mpaka vijiji vya Uvinza, na neno langu la kwanza kwa kila kijana anayeanza ni hilo hilo: asichague mwenyekiti, asichague mdadisi, wala mtafiti mwenyewe aliyesoma. Ichague kura.

Nasibu na hovyo ni vitu viwili

Wanafunzi wengi huandika kwenye ripoti zao kwamba "wahojiwa walichaguliwa kwa nasibu", na ukiwauliza walifanyaje, wanasema walisimama sokoni Mwanga wakamhoji kila aliyekubali kusimama. Hapo wamempata mtu mwenye nafasi, asiye na haraka, aliyekuja sokoni siku hiyo, na ambaye sura yake haikumtisha mdadisi. Mgonjwa aliyelala nyumbani hakuwa na njia ya kuingia kwenye utafiti huo.

Sampuli, yaani wale wachache unaowahoji kwa niaba ya wote, ni ya nasibu ikitimiza masharti mawili. La kwanza, kila kaya katika eneo unalolisemea iwe na nafasi ya kuangukiwa na kura, hata iliyo mbali kuliko zote. La pili, nafasi hiyo uweze kuitaja kwa namba: moja kwa ishirini, moja kwa mia. Ukishindwa kuitaja namba hiyo, huna sampuli nasibu, hata kama uliokota watu huku umefumba macho.

Mnunuzi wa mawese anaijua hoja hii bila kusoma takwimu. Asubuhi ya baridi, mafuta kwenye dumu hujitenga: juu yanakaa mepesi mekundu yanayong'aa, chini yanaganda mazito. Anayechota juu tu anapima sehemu aliyoachiwa aione. Mnunuzi mwenye uzoefu anazamisha kijiti mpaka chini.

Orodha ndiyo kazi yenyewe

Watu hudhani ugumu uko kwenye hesabu. Hesabu ni nusu saa. Ugumu uko kwenye orodha ya kaya, maana kura haiwezi kumwangukia mtu ambaye hajaandikwa.

Tafiti kubwa za kitaifa hutumia maeneo ya kuhesabia watu yaliyotengwa kwa ajili ya Sensa. Makarani waliopita na vishikwambi baada ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, wakatuletea hesabu ya Watanzania 61,741,120, walifanya kazi ndani ya mipaka ya maeneo hayo, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina ramani zake. Ukiweza kuzipata kwa kufuata utaratibu, zitumie. Lakini mwanafunzi au shirika dogo mara nyingi huanza na daftari la kijiji, na daftari hilo lina mapengo. Aliyehamia mwaka jana hayumo. Aliyefariki bado yumo. Mpangaji wa chumba cha uani hayumo kabisa, kwa sababu aliyeandikwa ni mwenye nyumba.

Kwa hiyo daftari la kijiji litumie kuchagua vijiji tu. Kijiji kikishachaguliwa, andika orodha yako mwenyewe, kitongoji kwa kitongoji. Fika na barua zako zote kuanzia ngazi ya mkoa, wilaya na kata, msalimie mwenyekiti wa kitongoji, mwombe akutembeze mpakani kwanza. Mpaka ukishajulikana, anzeni upande mmoja mwende nyumba kwa nyumba bila kuruka, na kila mlango wa kaya uandikwe namba kwa chaki, baada ya wenyewe kuridhia. Fuata mpangilio wa kutembea na wala usipange majina kwa alfabeti, ili kaya za jirani zikae karibu kwenye orodha. Utaona faida yake tukifika kwenye kura.

Swali linaloamua kaya ni la chungu: nani wanakula chungu kimoja? Nyumba moja yaweza kuwa na kaya tatu, na boma lenye nyumba tatu laweza kuwa kaya moja. Katika kijiji kimoja cha Kasulu tulimaliza boma la mzee mmoja, ameandikwa kaya moja yenye watu tisa. Nilikuwa nakaribia kuondoka nikaona nyuma ya jiko kuu mafiga mengine matatu, majivu yake bado ya moto, na sufuria ndogo imefunikwa kwa sahani ya bati. Nikauliza, "Mzee, na hapa anapika nani?" Akajibu, "Huyo ni dada yangu, alirudi baada ya kufiwa na mume." Nikauliza kama ugali wanakula pamoja. Akasema hapana, yeye ana shamba lake la muhogo na anajipikia. Alikuwa kaya. Mtu mmoja, chungu kimoja, namba yake ya chaki. Wajane wa namna hiyo, vijana waliopanga chumba, na familia zinazolala kwenye vibanda vya shamba msimu mzima, ndio wanaoachwa na orodha za haraka. Na mara nyingi ndio utafiti unaodai kuwatafuta.

Siku moja ya kuandika orodha ikigeuka mbili, kubali. Punguza kitu kingine.

Kaya ngapi?

Hapa nitasema kwa kifupi, ila nisome kwa makini. Ukitaka kujua asilimia fulani kwa uhakika wa asilimia 95, na kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, chukua 1.96 mara 1.96, zidisha kwa 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Utapata 384.16, yaani kaya 385. Namba hiyo haikui kwa sababu mkoa ni mkubwa. Eneo likiwa dogo sana ndipo hupungua. Fomula ya Yamane wanayoipenda wanafunzi wetu, N (idadi ya kaya zote) gawanya kwa moja jumlisha N mara kosa lililozidishwa kwa lenyewe, hutoa jibu la karibu na hapo: kwa kaya 2,200 inaleta 338.

Tatizo ni kwamba fomula zote mbili zinadhani umechukua kaya moja moja kutoka eneo zima. Sisi hatufanyi hivyo, nauli hairuhusu. Tunachagua vijiji, kisha kaya ndani ya vijiji hivyo, na majirani hufanana. Wanaochota kisima kimoja wana majibu yanayokaribiana, kwa hiyo kaya ya ishirini na tano hapo hapo inakuongezea maarifa machache kuliko ya kwanza.

Kufanana huko kunapimwa. Tuseme kiwango chake ni 0.05. Ukihoji kaya 25 kila kijiji, chukua 24 mara 0.05, ongeza moja: 2.2. Zile kaya 385 zidishe kwa 2.2, sasa unahitaji 847. Ukihoji kaya 10 tu kila kijiji, unapata 1.45, na 559 zinatosha. Ndiyo maana nawaambia wenye fedha za utafiti: vijiji vingi, kaya chache kila kijiji. Boti inagharimu, najua, lakini kaya 300 za ziada ndani ya vijiji vile vile zinagharimu pia na hazileti kitu kipya.

Kuchagua vijiji

Ukiandika vijiji kwenye vikaratasi na kuchomoa vinne, kijiji cha kaya 88 kina nafasi sawa na cha kaya 520. Halafu ukihoji kaya 25 kila kimoja, kaya ya kijiji kidogo imependelewa mno. Tunarekebisha kwa kukipa kijiji nafasi inayolingana na ukubwa wake.

Chukua mfano wa vijiji vinane, namba zake za kujifunzia tu: A kaya 310, B 145, C 520, D 88, E 402, F 260, G 175, H 300. Jumlisha ukienda mbele: 310, 455, 975, 1,063, 1,465, 1,725, 1,900, 2,200. Unataka vijiji vinne, basi 2,200 gawanya kwa nne, hatua yako ni 550. Sasa piga kura upate namba ya kuanzia kati ya 1 na 550. Tuseme imekuja 217. Hiyo imo ndani ya A. Ongeza 550, unapata 767, imo ndani ya C. Ongeza tena, 1,317, hiyo ni E. Tena, 1,867, hiyo ni G. Umemaliza.

Angalia uzuri wake. Nafasi ya kijiji A kuchaguliwa ni 310 kwa 550. Ndani yake nafasi ya kaya ni 25 kwa 310. Zidisha, zile 310 zinafutana, inabaki 25 kwa 550, yaani moja kwa 22. Fanya hivyo kwa C, E na G, jibu ni hilo hilo. Kila kaya katika vijiji vyote vinane, hata ya kijiji D ambacho hakikuchaguliwa, ilikuwa na nafasi moja kwa 22 ya kuhojiwa.

Na daftari likiwa na makosa? Umefika A, ukaandika orodha yako, ukakuta kaya 352 badala ya 310. Usifiche. Nafasi ya kaya sasa ni 310 kwa 550 mara 25 kwa 352, karibu moja kwa 25. Kila kaya uliyoihoji hapo inasimama badala ya kaya 25, siyo 22, na uzito huo lazima uingie kwenye hesabu za mwisho. Ndiyo sababu namba zote mbili, ya daftari na ya kwako, zinaandikwa.

Kura yenyewe, mbele ya watu

Kama una kompyuta, fomula ya RAND kwenye Excel inatosha. Ipe kila kaya namba ya bahati, kisha zigeuze namba hizo kuwa za kudumu kabla ya kupanga, maana Excel huzibadilisha kila unapogusa ukurasa. Ila kijijini napendelea vizibo vya soda. Nina vizibo kumi kwenye kopo la maziwa ya unga, nimeviandika 0 mpaka 9 kwa kalamu ya wino mzito. Ofisini kwa mtendaji, au chini ya mti, namwita mtoto yeyote aliye karibu. Anachomoa kizibo, tunasoma kwa sauti, anakirudisha, tunatikisa. Mara tatu. Kijiji A kilikuwa na kaya 352: likija 741 tunaliacha, likija 206 tunalichukua. Na 000 tunaiacha.

Hiyo 206 ni kaya ya kwanza. Gawanya 352 kwa 25, hatua ni 14.08. Usiikate iwe 14, hiyo desimali ibebe mpaka mwisho: 206, 220.08, 234.16, na kuendelea, kisha kila moja uipeleke kwenye namba nzima iliyo karibu. Ukivuka 352, toa 352 uendelee kutoka mwanzo wa orodha: 360.88 inakuwa 8.88, yaani kaya ya 9. Kwa kuwa orodha ilifuata mwendo wa kutembea, kaya zako zitatapakaa kijiji kizima, za ufukweni na za mlimani.

Kuna hatari moja ya hatua kama hii: orodha yenye mpigo wake. Kota zilizojengwa kwa mistari ya milango minane, ukienda kwa hatua ya nane unaweza kuangukia chumba cha pembeni kila mara, na vya pembeni huwa vikubwa. Ukiona mpangilio wa namna hiyo, acha hatua, piga kura ya kila kaya peke yake.

Kupiga kura hadharani kuna faida nyingine ambayo darasani hawaisemi. Watu wanapoona mtoto wao amechomoa kizibo, wanaacha kuuliza kwa nini fulani kaingia na mimi nimeachwa. Maneno kwamba majina yanaandikwa kwa ajili ya msaada hupungua. Na mwenyekiti anapata amani, kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Mlangoni

Namba imeangukia kaya, lakini dodoso lako ni la mtu mzima mmoja. Ukimhoji aliyefungua mlango, utapata wanawake wengi na wazee, na wavuvi hutawaona. Uliza majina ya watu wazima wote wa kaya, walioko na waliotoka, yaandike kuanzia mkubwa mpaka mdogo, kisha kura tena. Leslie Kish alitunga jedwali la kazi hii mwaka 1949, na mpaka leo wadadisi wanalitumia. Vizibo pia vinafaa. Kumbuka tu kwamba aliyechaguliwa kati ya watu wazima watano alikuwa na nafasi ndogo kuliko anayeishi peke yake, na uzito wake uzidishwe kwa tano.

Halafu mlango uliofungwa. Hapa ndipo sampuli nyingi nzuri zinapofia. Kijana mmoja aliniletea madodoso yake yote kamili siku ya kwanza, nikamuuliza kama hakukosa mtu.

"Kaya mbili zilikuwa zimefungwa, mama. Nikachukua za jirani."

"Na jirani kwa nini alikuwepo?"

Akanyamaza. Jirani alikuwepo kwa sababu ana duka nyumbani, au ni mgonjwa, au hana shamba. Waliofunga walikuwa kazini. Ukibadilishana nao umeondoa wenye kutoka na kujaza wenye kukaa. Tulirudi kwenye zile kaya mbili jioni, tukazipata zote.

Kanuni yangu ni mara tatu, kwa saa tofauti na ikiwezekana siku tofauti, na kaya ikikosekana kabisa iandikwe kuwa imekosekana, na sababu yake. Ukihofia kupungukiwa, chagua kaya nyingi zaidi tangu siku ya kura, na zote uzifuate kwa bidii ile ile.

Mwambao wetu unadai kitu kimoja zaidi: angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, siku za giza. Ukigonga asubuhi wakati huo, wanaume wamelala au wako kwenye vichanja wanaanika. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, nao hupumzika, hushona nyavu, wengine husafiri. Ukiuliza "wiki iliyopita mlipata kiasi gani" wakati wa mbalamwezi tupu, utaandika umaskini ambao haupo, na ukiuliza gizani tu, utajiri ambao haupo. Gawa vijiji vyako kwa kura kwenye majuma yote manne ya mwezi. Siku nazo zinapigiwa kura.

Kuhusu simu

Siku hizi naombwa nisambaze dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, nikusanye majibu elfu mbili kwa siku moja. Huko Marekani mwaka 1936, jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, majina mengi yakiwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, zikasema Landon. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni ya watu, aliyekuwa na wahojiwa wachache mno ukilinganisha na hao, alikuwa amemtaja mshindi. Wingi wa majibu haukuwaokoa, kwa sababu asiye na simu wala gari hakuwa na nafasi, na aliyerudisha kadi ni yule aliyependa kurudisha. Yule dada wa mzee mwenye mafiga matatu hana WhatsApp.

Kabla hujaondoka kijijini

Kaa chini siku ile ile, uandike kwenye karatasi moja: kaya za daftari, kaya za orodha yako, namba zilizokuja kwenye kura pamoja na zilizokataliwa, hatua uliyotumia, kaya zilizochaguliwa, zilizohojiwa, zilizokosekana na kwa nini. Mwenyekiti na mtendaji waweke sahihi. Karatasi hiyo na ramani ya kijiji uliyoichora kwa mkono viingie kwenye bahasha ya kaki yenye jina la kijiji, na nakala ibaki ofisini kwao. Orodha yenye majina ya watu ifungiwe kabatini, mbali na majibu yao. Mimi bahasha zangu nazipanga kwa wilaya, na hesabu za uzito siku zote nazianzia humo.